Kiingereza cha GCSE: maswali ya wazazi kuhusu kazi za kozi na mitihani

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wazazi na walezi wanaosoma Kiswahili ambao watoto wao wako sekondari nchini Uingereza, hasa England, na wanakaribia mitihani ya GCSE inayofanywa mwishoni mwa Mwaka wa 11, mtoto akiwa na umri wa miaka 15 au 16. Wales, Scotland na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao, nazo zinaelezwa karibu na mwisho. Pale ambapo mfano wa muundo wa mtihani umehitajika, umetumika ule wa bodi ya mitihani ya AQA, kwa kuwa ndiyo inayotumiwa na shule nyingi zaidi kwa somo hili.

## Mambo ya msingi

Je, Kiingereza cha GCSE ni somo moja au mawili?

Ni masomo mawili, yenye mitihani tofauti na gredi tofauti kwenye matokeo. La kwanza ni Lugha ya Kiingereza, linalopima uwezo wa mwanafunzi wa kuelewa matini ambayo hajawahi kuiona na wa kuandika mwenyewe kwa ufasaha. La pili ni Fasihi ya Kiingereza, linalopima jinsi anavyochambua vitabu na mashairi aliyofundishwa darasani. Shule nyingi hufundisha yote mawili kwa mwalimu mmoja na katika vipindi vilevile, na ndiyo maana mzazi anaweza kukaa miaka miwili akidhani ni somo moja hadi siku ya matokeo.

Yote mawili yana thamani, lakini Lugha ndiyo inayotajwa mara nyingi zaidi katika masharti ya vyuo na waajiri. Pia ndiyo inayorudiwa kwa lazima asipofaulu, jambo linaloelezwa katika swali la gredi ya chini ya 4.

Kazi za kozi bado zipo? Kaka yake alikuwa na jalada zima la insha zilizohesabiwa.

Kwa GCSE za sasa za England, hazipo tena. Zamani insha zilizoandikwa kwa wiki kadhaa, nyumbani na shuleni, zilikuwa sehemu ya alama ya mwisho. Kuanzia mwaka 2010 nafasi yake ilichukuliwa na kazi zilizoandikwa darasani chini ya usimamizi, na kisha mtaala ulioanza kufundishwa Septemba 2015, ambao mitihani yake ya kwanza ilifanyika kiangazi cha 2017, ukaziondoa hizo nazo. Gredi za Lugha na Fasihi sasa zinatokana na mitihani ya maandishi peke yake, inayofanywa kati ya Mei na Juni.

Kwa hiyo kumlinganisha mtoto wa leo na kaka au dada aliyemaliza miaka hiyo hakuna maana. Kuna pia waliomaliza mwaka 2020 na 2021, ambao mitihani yao ilifutwa kwa sababu ya UVIKO-19 na gredi zao zikatokana na tathmini ya walimu. Ushauri wa ndugu hao, hata ukitolewa kwa nia njema, unahusu mfumo mwingine.

Ikiwa hazihesabiwi, kwa nini mwalimu anampa kazi nyingi na kuzisahihisha?

Kwa sababu hakuna njia nyingine ya kujua anachoweza kabla ya Mei. Insha za darasani, majaribio ya mwisho wa mada na mitihani ya majaribio haziongezi hata alama moja kwenye gredi ya mwisho, lakini zina matumizi mengine. Zinaonyesha udhaifu uko wapi, zinatumika kupanga makundi ya darasa, na zinaweza kuwa ushahidi wakati shule inapoomba msaada maalumu wa mtihani. Mtoto anayekwambia kwamba kazi fulani "haihesabiwi" anasema kweli kwa nusu tu.

Bodi ya mtihani ni nini, na nahitaji kuijua?

Bodi ni taasisi inayotunga mitihani, kuisahihisha na kutoa gredi. Kwa Kiingereza katika shule za England zipo nne: AQA, Pearson Edexcel, OCR na Eduqas. Zote zinasimamiwa na Ofqual, mdhibiti wa mitihani wa England, na gredi ya bodi moja ina uzito uleule wa gredi ya bodi nyingine.

Ndiyo, unahitaji kuijua, na hilo ni miongoni mwa mambo machache ambayo ningemshauri mzazi ayaulize mapema. Mtoto anayejifunza kwa mitihani iliyopita ya bodi isiyo yake anazoea maswali yenye mpangilio, urefu na alama tofauti na yatakayomkuta. Mwombe mwalimu mambo matatu kwa maandishi: jina la bodi, majina ya vitabu teule, na jina la sehemu ya diwani ya mashairi wanayosoma.

Gredi 9 hadi 1 zinalinganaje na zile za A hadi G?

Gredi 9 ndiyo ya juu na 1 ndiyo ya chini. Asiyefikia 1 hupewa U. Ulinganisho uliowekwa rasmi una nguzo tatu: kiwango cha chini cha 7 kinalingana na kiwango cha chini cha A ya zamani, cha 4 na kile cha C, na cha 1 na kile cha G. Gredi 4 huitwa ufaulu wa kawaida, na 5 ufaulu imara. Vyuo vingi huridhika na 4, ingawa kwa baadhi ya masomo ya A-level, yaani yanayosomwa baada ya GCSE, shule huomba 6 au zaidi.

Idadi ya alama zinazohitajika kwa kila gredi hupangwa baada ya mitihani kusahihishwa, kwa kuzingatia ugumu wa karatasi ya mwaka huo. Hakuna anayeweza kukuhakikishia mwezi wa Machi kwamba alama kadhaa zitatosha kupata 5.

## Ndani ya mtihani

Mtihani wa Lugha ya Kiingereza unapima nini hasa?

Kwa AQA kuna karatasi mbili, kila moja ya saa 1 na dakika 45, yenye alama 80 na nusu ya gredi. Karatasi ya kwanza ina kipande cha hadithi ya kubuni ambacho mtoto hajakisoma, kisha inamtaka aandike maelezo au simulizi yake. Ya pili ina matini mbili zisizo za kubuni, moja ikiwa ya karne ya 19, ambazo anazilinganisha, kisha anaandika maoni yake kuhusu hoja fulani kwa mfano wa makala, barua au hotuba.

Angalia mgawanyo wa alama: katika kila karatasi, 40 ni za kusoma na 40 ni za kuandika, na zile 40 za kuandika hutoka katika swali moja tu, la mwisho. Mtoto anayetumia saa nzima na zaidi kwenye maswali madogo ya mwanzo hulifikia swali hilo akiwa amebakiwa na dakika 20, akaandika nusu ukurasa kwa haraka, na hapo nusu ya karatasi imeharibika bila yeye kukosa maarifa yoyote. Mgawanyo wenye busara ni kama dakika 15 za kusoma kwa makini, 45 za maswali ya ufahamu na uchambuzi, na 45 za kuandika, ikiwa ni pamoja na kupanga mawazo na kupitia makosa.

Na mtihani wa Fasihi?

Maeneo ni manne: tamthilia ya Shakespeare, riwaya ya karne ya 19, kazi ya kisasa ya Uingereza (riwaya au tamthilia ya baada ya mwaka 1914), na ushairi. Kwa AQA karatasi ya kwanza, ya saa 1 na dakika 45, inahusu Shakespeare na riwaya, nayo ni asilimia 40 ya gredi. Ya pili, ya saa 2 na dakika 15, inabeba kazi ya kisasa na ushairi, asilimia 60.

Kwenye ushairi, mtoto husoma mashairi 15 ya sehemu moja ya diwani. Katika mtihani huchapishiwa moja na kutakiwa alilinganishe na jingine analolikumbuka mwenyewe. Kisha hupewa mashairi mawili mageni kabisa. Hili la mashairi mageni huwatisha wengi, lakini halihitaji kukariri chochote, na kwa mtoto mwenye mazoezi ya kutosha linaweza kuwa sehemu tulivu kuliko zote.

Ni kweli haruhusiwi kuingia na kitabu? Akariri kitabu kizima?

Ni kweli kwamba haruhusiwi. Kwa Shakespeare na riwaya ya karne ya 19, AQA huchapisha dondoo na kumtaka mtoto aanze nalo, kisha azungumzie kazi nzima. Kwa kazi ya kisasa hakuna dondoo lolote.

Kukariri kurasa ni kupoteza nguvu. Kinachofaa ni nukuu fupi za maneno matatu hadi sita, chache kwa kila mhusika mkuu na kila dhamira, zilizochaguliwa kwa sababu zinaweza kutumika katika maswali mengi. Katika Macbeth, tamthilia ya Shakespeare, kwa mfano, nukuu inayohusu damu mikononi inaweza kujibu swali la hatia, la tamaa ya madaraka, la ndoa ya wahusika wakuu na la wazimu. Mwongozo wa usahihishaji unakubali pia kurejelea tukio kwa usahihi bila kunukuu neno kwa neno, kwa hiyo mtoto aliyesahau nukuu asiache nafasi wazi.

Je, kuna karatasi rahisi na karatasi ngumu?

Kwa Kiingereza hakuna. Ilikuwepo kabla ya 2017. Leo mtoto wa kundi la juu na wa kundi la chini hufanya karatasi ileile, na wote wanaweza kufikia 9. Hesabu na sayansi bado zina ngazi mbili, ndiyo maana swali hili hujirudia.

Mtoto anasema amefanya mtihani wa kuzungumza. Unaingia wapi?

Ni sehemu ya Lugha ya Kiingereza, lakini hauingii kwenye gredi ya 9 hadi 1. Mtoto huandaa mada, huiwasilisha mbele ya hadhira, ambayo inaweza kuwa mwalimu peke yake, na kujibu maswali. Yote hayachukui zaidi ya dakika 10 hivi. Mwalimu humpa ufaulu, ufaulu mzuri au ufaulu wa juu, na matokeo hayo huandikwa kando kwenye cheti. Shule hurekodi baadhi ya mawasilisho ili bodi ikague viwango, kwa hiyo usishangae ukiombwa ridhaa.

Hii ndiyo sehemu pekee iliyobaki inayofanana na kazi ya kozi, na inasikitisha kwamba mtoto anayezungumza kwa ufasaha mbele ya watu hapati faida yoyote ya gredi kwa kipaji hicho.

## Alama na utabiri

Mwanangu anazungumza Kiingereza kama mzaliwa. Mbona anapata 4?

Kwa sababu mtihani hauulizi kama anajua Kiingereza. Unauliza kama anaweza kueleza jinsi mwandishi alivyofanya kazi yake, na kama yeye mwenyewe anaweza kuandika kwa mpangilio na kwa makusudi. Watoto wengi waliokulia hapa, wa asili zote, hukwama papo hapo.

Chukua sentensi ya kubuni kama hii, tukiiweka kwa Kiswahili ili jambo lionekane: "Nyumba ilimtazama kwa madirisha yake mawili meusi." Swali linauliza mwandishi ametumiaje lugha kujenga hofu. Mwanafunzi wa kwanza anaandika: "Mwandishi ametumia tashihisi. Hii inamfanya msomaji atake kuendelea kusoma." Wa pili anaandika: "Nyumba imepewa macho, lakini ni macho meusi yasiyoonyesha kitu, kwa hiyo mhusika anachunguzwa na kitu ambacho yeye hawezi kukichunguza. Anafika kama mwenye nyumba na mara moja anajiona mgeni."

Wa kwanza hakukosea. Ametaja tamathali sahihi. Hata hivyo, maelezo yake yangeweza kubandikwa kwenye sentensi yoyote ya kitabu chochote, na msahihishaji humweka kwenye ngazi za chini. Wa pili hakutaja hata jina la tamathali, lakini amekaa na maneno yenyewe, akauliza kwa nini macho yawe meusi, na akaonyesha athari yake kwa mhusika huyu. Hapo ndipo gredi 4 na gredi 7 zinapoachana. Ukitaka kujua mtoto wako yuko upande gani, fungua daftari lake na uhesabu ni mara ngapi ameandika kwamba jambo fulani linamfanya msomaji atake kuendelea kusoma.

Tahajia na sarufi vina uzito gani?

Katika Lugha, asilimia 20 ya alama zote ni za usahihi wa kuandika: tahajia, uakifishaji, sarufi, muundo wa sentensi na msamiati. Kwa AQA ni alama 16 kati ya zile 40 za kila swali la kuandika. Katika Fasihi ni asilimia 5 tu.

Ripoti ina gredi tatu tofauti. Niamini ipi?

Shule hutumia majina mbalimbali, lakini kwa kawaida ni hizi. Ya kwanza ni gredi lengwa, ambayo mara nyingi hukokotolewa kutokana na matokeo ya mtoto ya mwisho wa shule ya msingi. Ya pili ni gredi ya sasa, yaani kile ambacho angepata kama angefanya mtihani leo. Ya tatu ni gredi inayotabiriwa, ambayo ni makadirio ya mwalimu kuhusu atakakofika kiangazi.

Inayofaa kuzungumziwa ni ya sasa. Gredi lengwa inaweza kuwa haipo kabisa au kutokuwa na msingi thabiti kwa mtoto aliyehamia Uingereza akiwa na miaka 12, kwa kuwa hakufanya mitihani ya msingi hapa; ikiwa lengo lake limewekwa chini bila maelezo, una haki ya kuuliza limetoka wapi. Na unapopata gredi ya mtihani wa majaribio, usiishie kwenye namba. Omba kuiona karatasi yenyewe, uangalie maswali aliyoacha bila kujibu na yale aliyojibu vibaya, kwa sababu dawa ya muda na dawa ya uelewa hazifanani.

## Msaada wa nyumbani

Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Ninaweza kumsaidia kwa lolote?

Unaweza, na pengine kuliko unavyodhani. Mwombe akusimulie kwa Kiswahili hadithi ya tamthilia anayosoma, kisha umuulize maswali ya mtu mzima: kwa nini mke huyu alimshawishi mumewe? Angekuwa jirani yetu tungemhukumu vipi? Mwandishi anamwonea huruma nani? Mtoto anayeweza kutetea jibu lake mbele yako, kwa lugha yoyote, tayari amefanya kazi ngumu ya uchambuzi. Kinachobaki ni kuiandika kwa Kiingereza, na hiyo ndiyo kazi ya mwalimu.

Jambo la pili ni saa. Mweke mezani, mpe swali moja la kuandika kutoka mtihani uliopita, mpe dakika 45, kisha uchukue karatasi. Huhitaji kuisahihisha. Utaona mwenyewe kama alianza kwa kupanga mawazo, kama aya zimetenganishwa, na kama alifika mwisho. La tatu ni kusoma: anayesoma makala na hadithi kwa hiari yake hukutana na matini ngeni ya mtihani bila kushtuka, na hakuna kozi ya wiki mbili inayoweza kuziba pengo hilo.

Je, tuache kuzungumza Kiswahili nyumbani hadi mitihani iishe?

Msiache. Kiingereza cha mtihani ni cha kuandika, chenye msamiati ambao hautumiki jikoni kwa lugha yoyote, na mzazi anayelazimisha Kiingereza asichokimudu hupunguza kina cha mazungumzo, wakati kina hicho ndicho kinachohitajika. Tazama jibu lililotangulia.

Mitihani iliyopita inapatikana wapi?

Kwenye tovuti za bodi, bila malipo, pamoja na miongozo ya usahihishaji na ripoti za watahini. Karatasi za karibuni huachiwa walimu pekee kwa muda ili zitumike kama mitihani ya majaribio. Ripoti za watahini hazisomwi na wengi, nazo ni hazina, kwani huonyesha makosa yaliyorudiwa na watahiniwa nchini kote.

Tumtafutie mwalimu wa ziada?

Ikiwa uwezo upo na tatizo limeshajulikana, sawa. Kabla ya kulipa, muulize anafahamu bodi gani, atafundisha vitabu vipi, na kama atasoma kazi ambazo mtoto ameandika shuleni. Akijibu kwamba Kiingereza ni kilekile popote, endelea kutafuta.

## Hali maalumu

Mtoto amefika Uingereza akiwa Mwaka wa 10. Ataruhusiwa kutumia kamusi?

Kamusi ya lugha mbili hairuhusiwi katika mtihani wa Lugha ya Kiingereza, kwa kuwa lugha yenyewe ndiyo inayopimwa. Masomo mengine yana kanuni zake, na afisa wa mitihani wa shule ndiye wa kuulizwa. Kwa aliyechelewa kufika, inafaa kuzungumza mapema na shule kama atafanya GCSE zote mbili za Kiingereza au aelekeze nguvu kwenye Lugha. Usikubali uamuzi huo ufanywe bila wewe kuwepo.

Nani hupewa muda wa ziada au msomaji?

Mwanafunzi ambaye ulemavu au tatizo la kujifunza, kwa mfano disleksia, linamchelewesha kwa kiwango kilichothibitishwa kwa vipimo. Kutokuwa na Kiingereza kama lugha ya kwanza, peke yake, si sababu. Kiwango cha kawaida ni asilimia 25 ya muda, na shule lazima ionyeshe kwamba huo ndio utaratibu wake wa kila siku darasani. Anayeshughulikia ni mratibu wa mahitaji maalumu, na maombi hayo huanza kuandaliwa Mwaka wa 9 au wa 10. Kuyaanza Aprili ya Mwaka wa 11 ni kuchelewa mno.

Kuna kikwazo kimoja cha Kiingereza: mtu hawezi kumsomea mtoto sehemu ya kusoma ya karatasi ya Lugha, kwa kuwa kusoma ndiko kunakopimwa. Programu ya kompyuta inayosoma maandishi kwa sauti inaruhusiwa, kwa aliyeidhinishiwa.

Akiugua au tukifiwa siku ya mtihani itakuwaje?

Piga simu shuleni asubuhi ileile. Ikiwa anaweza kukaa mtihani, shule huomba azingatiwe kwa hali maalumu, na bodi inaweza kumwongezea hadi asilimia 5 ya alama za karatasi hiyo, kiwango cha juu kikiwa cha misiba na majanga mazito. Akiukosa mtihani kwa sababu inayokubalika, gredi inaweza kukokotolewa kutokana na karatasi alizofanya, mradi ziwe zimefikia angalau asilimia 25 ya somo zima. Kwa hiyo mtoto aliyekosa karatasi ya kwanza ya Kiingereza asikate tamaa na kuacha ya pili.

Safari za likizo si sababu. Kuna siku ya akiba mwishoni mwa Juni, iliyowekwa kwa dharura za kitaifa, na watahiniwa hutakiwa kuwepo hadi siku hiyo; usinunue tiketi ya ndege kabla ya kuijua tarehe yake.

Simu ikiwa imezimwa mfukoni ni kosa?

Ndiyo. Kuwa nayo tu ni ukiukaji wa kanuni, hata kama haikuguswa, na adhabu inaweza kufikia kunyimwa alama za karatasi. Saa za mkononi nazo haziruhusiwi.

Matokeo yametoka na hatukubaliani nayo. Tufanye nini?

Matokeo hutolewa Alhamisi moja ya Agosti. Mzazi hawezi kuiandikia bodi moja kwa moja. Maombi hupitia shule, kwa idhini ya maandishi ya mwanafunzi, na yana tarehe ya mwisho mnamo Septemba. Idhini hiyo inatakiwa kwa sababu gredi inaweza kupanda, kubaki au kushuka. Njia ya busara ni kuomba kwanza nakala ya karatasi iliyosahihishwa, mwalimu aipitie, ndipo muamue. Kuna ada, ambayo hurudishwa gredi ikibadilika.

Aliyepungukiwa alama moja au mbili ana hoja ya kufikiria. Aliyepungukiwa kumi na tano atafanya vyema kuanza maandalizi ya kurudia.

Akipata chini ya 4 katika Lugha?

Ataendelea kusoma Kiingereza sambamba na kozi yake mpya hadi afikishe 4 au atimize miaka 18. Mwenye gredi 3 hutakiwa kurudia GCSE yenyewe. Mwenye 2 au chini anaweza kupewa kozi ya Kiingereza cha matumizi badala yake. Kuna nafasi ya kurudia mwezi Novemba kwa Lugha, wala si kwa Fasihi. Kwa baadhi ya kazi jambo hili halikwepeki: anayetaka kusomea ualimu England anahitaji 4 au kinacholingana nayo.

Kazi za kozi zinarudi akienda A-level?

Zinarudi. Katika A-level ya Lugha na ya Fasihi, asilimia 20 ya gredi hutokana na kazi inayoandikwa nje ya mtihani. Fasihi A ya AQA, kwa mfano, inataka insha ya maneno 2,500 inayolinganisha kazi mbili. Mwanafunzi husaini tamko kwamba kazi ni yake. Kunakili mtandaoni, kuandikiwa na ndugu au kuwasilisha maandishi ya programu ya akili mnemba kama yake ni udanganyifu unaoweza kumgharimu somo zima. Mzazi anaweza kusikiliza na kuuliza. Kalamu ibaki mkononi mwa mtoto.

Tunaishi Wales, Scotland au Ireland ya Kaskazini. Haya yanatuhusu?

Kwa sehemu tu. Ireland ya Kaskazini ina bodi ya CCEA, inayotumia herufi kwa gredi, na Lugha ya Kiingereza huko bado ina kazi za chini ya usimamizi na kuzungumza kunakohesabiwa. Wales ilianza Septemba 2025 kufundisha GCSE mpya inayounganisha Lugha na Fasihi, yenye sehemu zinazofanywa nje ya mtihani wa mwisho. Scotland haina GCSE. Kiingereza cha National 5, mtihani wa huko ulio karibu na GCSE, kinajumuisha maandishi ambayo mwanafunzi huyaandaa shuleni na kutumwa kusahihishwa nje.

Na anayesomea nyumbani?

Lazima umtafutie kituo kinachopokea watahiniwa wa kujitegemea na ulipe ada mwenyewe, na vituo hivyo hufunga usajili miezi kadhaa kabla ya Mei. Familia nyingi huchagua GCSE ya kimataifa, kwa kuwa inaweza kufanywa kwa mitihani ya maandishi peke yake bila tathmini ya kuzungumza. Baadhi ya aina zake zina chaguo la kazi za kozi, ambalo kituo kinaweza kukataa kulisimamia kwa mtoto kisichomfahamu. Muulize afisa wa kituo kabla hujanunua vitabu.